Vali za Maji na Swali Nililolinyamazisha

Katika miaka yangu ya kazi, kwanza katika shule ya msingi na baadaye katika chuo cha ualimu, wanachuo wameniuliza mara nyingi ni somo gani lililonipa taabu kuliko yote. Wao hutazamia nitaje hesabu za sehemu, au sarufi. Mimi huwajibu kwamba ni somo la vali za maji. Wengi hucheka, kwa maana somo hilo halizidi ukurasa mmoja, na kila mtu aliyewahi kufungua bomba hudhani kwamba amekwisha kulijua. Nami nilidhani hivyo hivyo. Naandika makala haya ili niwaeleze ninyi mnaojiandaa kuingia darasani jinsi nilivyolifundisha somo hilo vibaya, mambo yaliyotokea baadaye, na namna ninavyoamini kwamba lapaswa kufundishwa.

Mwaka 1986, miezi michache tu baada ya kuhitimu masomo ya ualimu, nilipangiwa shule moja iliyopo kwenye miteremko ya Milima ya Upare. Kijiji kile kilikuwa na maji ya mserereko. Maji yaliingia kwenye banio lililojengwa katika kijito huko juu msituni, yakafika kwenye tangi, na kutoka tangi hilo yakateremka ndani ya bomba la chuma la inchi 2 hadi kwenye tangi la shule. Urefu wa bomba hilo ulikuwa mita 1,200 hivi, na tangi la juu lilikuwa limelipita la shule kwa kimo cha mita 60. Njiani bomba lilitoa matawi mawili ya kuwapatia wanakijiji maji. Hapakuwa na mashine wala mafuta. Uzito wa maji yenyewe ndio uliofanya kazi yote.

Karibu na tangi la shule palikuwa na chemba ndogo ya saruji, na ndani yake mlikuwa na koki. Koki hiyo ilifungwa kila jioni ili tangi lisifurike usiku, na kazi ya kuifunga ilikuwa ya wanafunzi wa darasa la sita kwa zamu. Kwa miaka mingi ilikuwa koki ya gurudumu, ya kuzungushwa mara nyingi mpaka ifunge. Ilipochakaa, mahali pake pakawekwa koki ya mkono, ambayo mtu huivuta robo mzunguko tu na maji yakakatika. Sote tuliifurahia. Mtoto hakuhitaji tena kuinama muda mrefu juu ya chemba kwenye baridi ya jioni.

Katika muhula wangu wa pili nilifundisha sayansi darasa la sita, na somo la juma lilikuwa vifaa vya kuongozea maji. Nakumbuka vyema andalio langu la somo. Mahali pa lengo niliandika: "Mwishoni mwa somo mwanafunzi aweze kutaja aina tano za vali." Niliandika majina matano ubaoni, nikachora picha tano, wanafunzi wakanakili. Niliisifu koki ya robo mzunguko kuwa ni ya kisasa, nyepesi na ya haraka. Somo lilikwenda kama saa.

Zikiwa zimebaki dakika tano, mvulana mmoja aliyezoea kukaa kimya alinyosha mkono. Akasema, "Mwalimu, nikiifunga koki ya shule upesi, bomba hugonga mara moja kwa nguvu. Halafu nikisubiri kidogo hugonga tena. Ni kitu gani kinachogonga mle ndani?"

Sikujua. Wala sikuwa na ujasiri wa kusema mbele ya watoto arobaini na saba kwamba sijui. Nikamjibu kwamba ni hewa, nikamwambia akae, tukaendelea na kunakili.

Siku kumi na mbili baadaye, jioni, kiungio kimoja cha bomba kilichokwisha kuliwa na kutu kilipasuka huko juu ya shule. Maji yaliruka kuupita mgomba, yakachimba shimo na kubomoa sehemu ya matuta ya shamba la jirani. Kijiji kikakaa siku tisa bila maji. Akina mama wakarudia njia ya zamani ya kuteremka bondeni na kupanda na ndoo kichwani, na watoto wa kike wakaanza kufika shuleni saa nne.

Uchunguzi haukuchukua muda. Aliyekuwa na zamu jioni ile ni yule mvulana. Alipoulizwa hakuficha neno. Alisema alikuwa akifunga na kufungua, akifunga na kufungua, ili ausikilize vizuri ule mgongo wa pili. Kwa wazee wa kijiji maneno hayo yalikuwa ni ukiri wa uharibifu wa makusudi. Alichapwa viboko vinne mbele ya shule, na baba yake akaamriwa alipe gharama ya bomba na viungio. Mimi nilikuwapo viboko vilipopigwa, na nilikuwapo baba yake alipoamriwa kulipa. Nilijua kwamba mtoto yule alikuja kwangu kwanza na swali lake, na kwamba alikwenda kulitafutia jibu kwenye chemba kwa sababu mimi sikumpa jibu. Sikusema kitu.

Siku ya tisa alifika fundi wa maji kutoka wilayani, mzee mwenye mfuko wa spana na maneno machache. Alipokwisha kulifunga bomba lililopasuka, hakuondoka. Aliteremka hadi kwenye chemba ya shule, akaitazama koki, akauliza, "Nani aliyeiweka koki ya namna hii mwisho wa bomba refu namna hii?" Hakuna aliyejibu. Nikamwuliza, "Mzee, ina kasoro gani?" Akanitazama, akaniagiza debe.

Ninyi mnaojifunza njia za kufundisha nawaomba mzingatie alichofanya mzee yule, maana hakuwa amesoma chuo cha ualimu. Aliliweka debe la lita 20 penye mdomo wa bomba, akanipa saa yake nihesabu. Debe lilijaa kwa sekunde 10. "Basi ni lita 2 kila sekunde," akasema. "Sasa niambie, mwalimu, ndani ya mita moja ya bomba hili mna lita ngapi?" Nilipiga hesabu ya duara kwa kijiti mchangani: bomba la inchi 2 lina eneo la karibu sentimita mraba 20, mara sentimita 100, ni sentimita za ujazo 2,000, yaani lita 2. "Basi maji yanatembea mita moja kila sekunde, mwendo wa mtu anayetembea polepole. Na bomba lina mita ngapi?" Mita 1,200. "Basi mna lita ngapi ndani?" Lita 2,400. "Na uzito wake?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Ndani ya bomba lile, ambalo mtoto angeweza kulizungushia vidole vyake viwili vya mikono, mlikuwa na kilo 2,400 za maji, karibu tani mbili na nusu, zikiteremka mlima kwa pamoja kama gari moshi. Nasi tulikuwa tumempa mtoto kifaa cha kulisimamisha gari moshi hilo kufumba na kufumbua.

Maji hayabonyei kwa urahisi kama hewa. Koki inapofungwa ghafla, maji yaliyo karibu nayo husimama, na yale ya nyuma huja yakayakumba, na ya nyuma yake nayo hivyo hivyo. Nguvu ya mkumbo huo hugeuka kuwa kanieneo, ambayo mafundi huiita presha, nayo hukimbia kurudi juu ndani ya bomba kama wimbi. Mtaalamu wa Urusi, Nikolai Zhukovsky, aliyafanyia majaribio mambo haya katika mabomba ya maji ya Moscow, na mwaka 1898 akayaeleza kwa hesabu. Katika bomba la chuma wimbi hilo hukimbia kiasi cha mita 1,200 au zaidi kwa sekunde. Na kila mwendo wa mita 1 kwa sekunde unaokomeshwa ghafla huongeza kanieneo ya karibu kilo 12 kwa kila sentimita mraba.

Linganisheni sasa. Kimo cha maji cha mita 10 hutoa kanieneo ya kilo 1 kwa sentimita mraba. Kwa hiyo kimo chetu cha mita 60 kilitoa kilo 6. Lile bomba liliyazoea hayo tangu lilipolazwa. Lakini koki ilipofungwa ghafla ziliongezeka kilo 12 nyingine, zikawa 18, yaani mara tatu. Kiungio chenye kutu kilistahimili mara ya kwanza, na ya pili, na ya kumi. Hakikustahimili siku zote.

Nilimweleza fundi habari za yule mtoto na swali lake. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mtoto alisikia, na sisi wakubwa hatukusikia."

Jioni ile nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, na Jumamosi iliyofuata nilipewa nafasi ya kusema katika mkutano. Sitaki mdhani kwamba lilikuwa jambo jepesi. Mwalimu kijana, katika kijiji ambako neno la mwalimu halikupingwa, kusimama na kutamka kwamba aliulizwa asijue, akadanganya ili asiaibike, na mtoto akachapwa kwa ajili hiyo, ni jambo linalokausha koo. Nilieleza hesabu ya debe. Nilieleza kwamba kasoro ilikuwa katika koki iliyochaguliwa bila kufikiri, na katika mwalimu aliyeisifu. Mwenyekiti aliwashauri wazee, na gharama ikahamishiwa kwenye mfuko wa maji wa kijiji. Baba wa mtoto akaachiliwa. Viboko havikuwa na njia ya kufutwa.

Baada ya mkutano yule mvulana alinijia. Nilijiandaa kumwomba radhi, na nilimwomba. Alisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Lakini mwalimu, ule mgongo wa pili ulikuwa ni nini?"

Nikamjibu, safari hii kwa ukweli: wimbi lilipiga mbio hadi tangi la juu, mita 1,200, likarudi mita 1,200, likafika tena kwenye koki. Safari nzima ilichukua kama sekunde 2. Alichosikia ni habari za kufungwa kwa koki zikirudi kutoka mlimani. Akahesabu kwa midomo, moja, mbili, akatikisa kichwa kukubali. Hizo ndizo sekunde alizokuwa amezisikia.

Tangu hapo nimelifundisha somo la vali kwa njia nyingine. Siwapi wanafunzi majina kwanza. Nawauliza kwanza: twataka maji yafanye nini? Majibu yao, hata wakiwa ni watoto wa darasa la tano, huangukia katika makundi manne.

Kundi la kwanza ni vali za kufungua na kufunga. Kubwa kati ya hizo ni vali ya lango, ambayo mafundi huiita geti vali. Ndani yake mna bamba la chuma linaloshuka na kupanda kama mlango wa kuteremshwa, likiongozwa na msumari wa hesi na gurudumu la mkono. Ikifunguliwa yote, njia ya maji huwa nyeupe bila kizuizi. Kuizungusha mara nyingi huonekana kuwa ni taabu, kumbe taabu hiyo ndiyo kinga, kwa maana humlazimisha mfungaji aende polepole. Hata hivyo mizunguko ya mwisho ndiyo ya kuogopwa, kwa kuwa hapo ndipo maji hasa hukatwa. Basi fundi hodari hupunguza mwendo anapokaribia kufunga. Katika kundi hili imo pia koki ya tufe, yenye tufe lililotobolewa katikati na kugeuzwa robo mzunguko, na vali ya kipepeo, yenye bamba la duara linalogeuka juu ya mhimili wake ndani ya bomba. Hizi ni nzuri na hazichukui nafasi kubwa. Lakini zikiwekwa mwisho wa bomba refu lenye nguvu hazina budi kufungwa meno ya giaboksi, ili mkono wa mtu usiweze kuzifunga kwa haraka.

Kundi la pili ni vali za kupima kiasi. Mtu anayetaka nusu ya maji hushawishika kuifunga geti vali nusu. Hilo ni kosa. Maji yanayopenya kwa kasi chini ya bamba hulitikisa na kulila, na baada ya muda vali haiwezi kufunga sawasawa. Kwa kazi hiyo huwekwa globu vali, ambayo ndani yake kizibo hushukia juu ya tundu, na maji hulazimika kupinda ili kupita. Hupoteza nguvu kidogo, lakini hukubali kuongozwa. Kwa kanieneo kubwa zaidi iko vali ya sindano: chuma kilichochongoka huingia taratibu ndani ya tundu la mviringo, na kadiri kinavyoingia ndivyo njia inavyopungua.

Kundi la tatu ni vali za njia moja. Zina ulimi au kizibo kinachosukumwa wazi na maji yanayokwenda, na kujifunga maji yanapotaka kurudi. Huwekwa baada ya pampu, ili pampu ikizimika maji yaliyokwisha kupandishwa mlimani yasirudi kuizungusha kinyume. Hizi nazo zikichelewa kujifunga hujibamiza, na mshindo ni ule ule wa bomba letu.

Kundi la nne ni vali za ulinzi, ambazo nyingi hufanya kazi bila mkono wa mtu. Vali ya boya hufunga maji tangi linapojaa. Vali ya hewa huwekwa penye vilele vya bomba; huitoa hewa bomba linapojazwa, na huiruhusu iingie linapomwagwa, ili bomba lisinywee. Vali ya kuoshea huwekwa penye mabonde ili kutoa tope. Vali ya usalama hufunguka yenyewe kanieneo ikipita kipimo. Na iko vali ya kupunguza kanieneo, yenye springi na ngozi ya mpira: maji ya upande wa chini yakizidi nguvu huisukuma ngozi, nayo huibana njia, yakipungua, springi huifungua tena. Katika mabomba yateremkayo milima mirefu, vali hiyo, au tangi la wazi la kuvunjia nguvu za maji lililojengwa katikati ya mteremko, ndiyo inayowaokoa watu wa bondeni na bomba la kupasuka.

Wanafunzi wakubwa huuliza kama haya yanahusu viwanda na mitambo mikubwa pia. Yanahusu zaidi. Huko Japani, mwaka 1950, katika kituo cha umeme cha Oigawa, vali ya kipepeo ilijifunga ghafla, bomba kubwa likapasuka, na wafanyakazi wakapoteza maisha yao. Hapa kwetu Tanzania, kituo cha umeme cha Kihansi, kilichoanza kazi katika miaka ya 1999 na 2000, hutumia maji yanayoteremka kimo cha kiasi cha mita 850 kutoka Milima ya Udzungwa. Wanafunzi huipiga wenyewe hesabu: mita 850, gawanya kwa 10, ni kilo 85 kwa kila sentimita mraba. Magurudumu ya huko ni ya aina ya Pelton, ambayo hupigwa na mshale wa maji kwenye vikombe vyake, na mshale huo hupimwa kwa vali ya sindano.

Sasa sikilizeni fikra waliyoitumia wahandisi wa magurudumu ya namna hiyo. Umeme unapokatika ghafla kwenye njia zake, gurudumu huwa halina mzigo, na lisipozuiwa litakimbia kupita kiasi. Lazima maji yaondolewe mara moja. Lakini vali haiwezi kufungwa mara moja, kwa sababu ya uzito wa maji yaliyomo bombani. Wafanyeje? Mbele ya mdomo wa maji huwekwa kikingio cha chuma. Kikingio hicho huingia kwa haraka na kuupotosha mshale wa maji usilipige gurudumu, wakati maji yenyewe yakiendelea kutoka. Ndipo sindano hujifunga taratibu nyuma yake. Haraka imewekwa mahali isipodhuru, na upole umewekwa mahali unapohitajika. Kila ninapolieleza jambo hili humkumbuka yule mvulana aliyeinama juu ya chemba.

Kuhusu zana, msisubiri maabara. Kwa kanieneo, chukueni mkebe mrefu, utobolewe matundu matatu kwa vimo mbalimbali, ujazwe maji. Mshale wa chini hutoka kwa nguvu kuliko wa juu. Kwa vali ya njia moja, kata kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, ukibandike upande mmoja juu ya tundu la mkebe, watoto waone jinsi kinavyofunguka na kujifunga. Kwa vali ya sindano, kijiti kilichochongwa kama penseli na kopo lenye tundu vinatosha. Vali iliyokufa ya fundi wa kijiji ikikatwa ubavuni kwa msumeno ni zana yenye thamani kuliko picha kumi.

Kwa ule mshindo wa maji, tumieni wanafunzi wenyewe. Watoto ishirini wajipange mstari mmoja uwanjani, kila mmoja ameweka mikono mabegani mwa aliye mbele yake, watembee polepole. Mwambie wa kwanza kwa siri asimame ghafla. Wote wataona mkumbo ukianzia mbele na kukimbilia nyuma hadi kwa mtoto wa mwisho, ingawa mstari ulikuwa ukienda mbele. Halafu warudie, na wa kwanza apunguze hatua kidogo kidogo hadi asimame. Hakuna atakayekumbwa. Baada ya hapo waulize: koki ifungweje? Nimelifanya zoezi hili mara nyingi, na sijapata kuona darasa lililoshindwa kujibu.

Mwisho, unganisheni somo hili na hesabu. Debe, saa na kijiti mchangani vilinifundisha mimi, mtu mzima mwenye cheti, jambo ambalo kitabu changu hakikulisema. Mtoto akipima mwenyewe kwamba debe limejaa kwa sekunde 10, atakuwa amegusa ujazo, mwendo, eneo la duara na uzito katika asubuhi moja, na hesabu hizo zitakuwa na maana kwake kwa sababu ni za maji anayoyanywa.

Nimebakiwa na nasaha moja. Ninapokagua maandalio ya wanachuo wakati wa mazoezi ya kufundisha, nikikuta lengo limeandikwa "aweze kutaja aina za vali," hulikata na kuandika pembeni: "aweze kueleza ni vali ipi iwekwe wapi, na kwa nini." Mtoto aliyekariri majina matano bado anaweza kulipasua bomba la kijiji chake, kama mwalimu wake alivyoweza kumwachia alipasue.

Tena huwaomba waache mistari mitatu mitupu chini ya andalio, na juu yake waandike: "Maswali niliyoulizwa leo nisiweze kuyajibu." Mwanzoni wengi huirudisha mistari hiyo ikiwa haina kitu, kwa kuogopa alama. Nami huwarudishia. Mwalimu aliyemaliza vipindi vyake vya juma zima bila kuulizwa swali hata moja lililomshinda, ama hakuwapa watoto nafasi ya kuuliza, ama aliwajibu kwamba ni hewa.